Kambi Mwezini na Mirihi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fedha na Siasa Zake

## Misingi

1. Kambi ni nini, na inatofautianaje na kutua tu?

Kutua ni kwenda na kurudi. Apollo 17, Desemba 1972, ilikaa Mwezini saa 75 hivi, na kila kilichotumika kilibebwa na safari ileile. Kambi huanza pale ambapo mtambo ulioletwa na safari ya kwanza unawahudumia watu wa safari ya tatu na ya kumi: umeme upo, maji na hewa vinasafishwa na kurudishwa, eneo la kutulia limetengwa, na zamu moja inaikabidhi nyingine kazi.

Hakuna kambi ya aina hiyo popote nje ya Dunia. Kilicho karibu nayo zaidi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS kwa kifupi, ambacho hakijawahi kukosa watu tangu Novemba 2000. Ndicho kipimo chetu katika majibu mengi hapa chini, kwa gharama na kwa siasa.

2. Mwezi ni mkubwa. Kwa nini kila nchi inataka ncha ya kusini?

Kwa sababu ya mwanga na barafu, na vyote viwili viko jirani. Sehemu kubwa ya Mwezi ina usiku wa takriban siku 14 za Dunia. Kwenye ncha ya kusini, baadhi ya vilele na kingo za kreta, kama ukingo wa Shackleton, hupata jua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hatua chache kutoka hapo, sakafu za kreta hazijapigwa na jua kwa muda mrefu mno, na baridi yake hushuka chini ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Mwaka 2009 NASA iligongesha kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, na vipimo vya LCROSS, chombo kilichofuata nyuma yake, vikaonyesha maji ya takriban asilimia 5.6 ya uzito wa udongo uliorushwa.

Maeneo yenye sifa zote mbili, pamoja na ardhi tambarare ya kutosha kutulia, ni machache na ni madogo. Hapo ndipo ugomvi wote wa kisheria unapozaliwa. Tazama swali la 14.

3. Kufikisha kilo moja Mwezini ni bei gani?

Bei iliyotangazwa na kampuni ya Astrobotic kwa chombo chake Peregrine ilikuwa dola milioni 1.2 kwa kilo. Linganisha na mzingo wa chini wa Dunia: roketi ya Falcon 9 huuzwa kwa takriban dola milioni 70 na hupandisha tani 17 hivi, yaani kama dola 4,000 kwa kilo. Tofauti ni mara 300.

Inatoka wapi? Ukishafika kwenye mzingo wa Dunia, bado unadaiwa mabadiliko ya kasi ya takriban kilomita 6 kwa sekunde ili utue Mwezini, na hakuna hewa ya kukusaidia kufunga breki. Breki zote ni mafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachorusha ni mafuta ya kusukuma mafuta mengine. Isitoshe, chombo hakirudi, na safari ni chache mno kwa kiwanda kupata nafuu ya kutengeneza vingi.

Kisha kuna hatari ya kupoteza mzigo wote. Vyombo sita vya makampuni viliondoka kuelekea Mwezini kati ya Desemba 2022 na Februari 2025. Viwili vya ispace vilianguka, Peregrine ilivuja mafuta na haikufika, viwili vya Intuitive Machines vilitua na kulala ubavu. Ni Blue Ghost pekee iliyosimama wima na kumaliza kazi, Machi 2025. Anayepanga bajeti kwa bei ya karatasi bila kuweka mzigo wa akiba anajidanganya.

4. Roketi kubwa zinazotumika tena hazitaishusha bei hiyo?

Zitaishusha, ila si kwa kiwango kinachodhaniwa. Starship ya SpaceX, kwa mfano, haiwezi kwenda Mwezini moja kwa moja na mzigo wake. Lazima ijazwe mafuta ikiwa angani, na hesabu zilizowahi kutolewa zinazungumzia zaidi ya marusho kumi ya kujaza kwa kila safari moja ya kutua. Oksijeni na methani za kimiminika huchemka na kupotea kidogo kidogo wakati chombo kinasubiri, hivyo ratiba ikichelewa kwa wiki kadhaa, unaanza kurusha mafuta ya kufidia mafuta.

Jambo la pili husahaulika kabisa. Usafiri si gharama kubwa kuliko zote. Mtambo wa kusafisha maji uliojaribiwa kwa miaka, suti, vipuri vyenye vyeti, wahandisi wa zamu Duniani saa 24: hivyo havishuki bei kwa sababu roketi imeshuka. ISS hugharimu NASA takriban dola bilioni 3 kwa mwaka, usafiri ukiwemo, nayo iko kilomita 400 tu juu ya vichwa vyetu.

## Hesabu ya kuishi

5. Watu 4 wakikaa siku 180, wanahitaji nini?

Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, chakula cha kilo 1.8 hivi pamoja na vifungashio, na maji ya kunywa na kupikia ya kilo 3. Zidisha kwa watu 4 na siku 180: oksijeni kilo 605, chakula kilo 1,296, maji kilo 2,160. Jumla inapita tani 4, bado hujaweka maji ya kuoga, nguo wala dawa. Kwa bei ya swali la 3, hiyo ni karibu dola bilioni 4.9.

Ndiyo maana urejelezaji si anasa. Mwaka 2023 mifumo ya ISS ilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji, ikiwemo mkojo na jasho. Kwa kiwango hicho, zile kilo 2,160 zinabaki 43 tu za kuongezea.

Tatizo ni kwamba mashine ina uzito wake na huharibika. Mtambo wa kuchuja mkojo wa ISS uliwahi kuziba kwa mabaki ya kalisiamu, kwa sababu mifupa ya wanaanga hupoteza kalisiamu nyingi, na mkojo wao haukufanana na ule uliotumika kuujaribu Duniani. Kambi lazima ihesabu vipuri kama chakula: pampu, vali, vichujio, feni, kadi za kielektroniki. Kipuri kimoja kikikosekana, mtambo wa tani nzima hugeuka chuma chakavu, na duka lililo karibu liko kilomita 384,000.

6. Umeme utatoka wapi, na kwa nini nyuklia inatajwa kila mara?

Fanya hesabu hii. Kambi ndogo inataka kilowati 40. Usiku wa Mwezi ni saa 354 hivi, kwa hiyo unahitaji akiba ya kilowati-saa 14,160. Betri za lithiamu zenye wati-saa 200 kwa kilo zingekuwa na uzito wa tani 70. NASA iliwaomba watengenezaji wasanifu mtambo wa nyuklia wa kilowati 40 wenye uzito usiozidi tani 6. Hakuna haja ya mjadala mrefu.

Nchani giza huwa fupi zaidi, hivyo paneli zilizosimamishwa wima juu ya milingoti pamoja na betri za kiasi zinatosha kuanzia. Lakini kazi ya kuchimba na kuyeyusha barafu huhitaji umeme mwingi ndani ya kreta zenye giza la kudumu. Mwaka 2025 NASA ilipandisha lengo hadi kilowati 100 kufikia 2030. China na Urusi nazo zimetangaza mpango wao wa mtambo wa nyuklia kwa katikati ya muongo ujao.

Ugumu wa kisiasa ni urushaji. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilianguka na kumwaga mabaki yenye mionzi kaskazini mwa Kanada. Jibu la wahandisi ni kukirusha kinu kikiwa hakijawashwa: urani ambayo haijaanza kupasuka ina mionzi kidogo sana, na hatari kubwa huanza baada ya kukiwasha.

7. Mionzi inahusianaje na bajeti?

Inaamua utabadilisha watu mara ngapi. Chombo cha China Chang'e 4 kilipima takriban milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 1.37 kwa siku juu ya Mwezi. NASA imeweka kikomo cha 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga. Bila kinga, zamu ya siku 180 hula 246; zamu mbili, na mtu huyo amekaribia kustaafu. Kumfundisha mrithi wake huchukua miaka.

Tiba inayojulikana ni kufunika makazi kwa udongo wa Mwezi, unene wa mita 2 hadi 3. Maana yake mitambo ya kusukuma udongo itangulie kabla ya watu, na udongo wenyewe ni vumbi kali kama vioo vilivyosagwa, linalokula mihuri na maungio. Mashine hiyo ya kusukuma udongo nayo inataka vipuri.

## Mapato

8. Kambi inaweza kujilipa yenyewe?

Kwa miongo tunayoweza kuiona, hapana. Hakuna bidhaa iliyopo Mwezini ambayo ukiileta Duniani italipia kuiendea. Mteja ni serikali, na serikali inanunua mambo matatu: sayansi, uwezo wa viwanda vyake vya ndani, na nafasi kwenye meza ambapo kanuni zinatungwa. La tatu ndilo linalofungua mifuko, hata kama hotuba zinataja la kwanza.

Makampuni hupata faida kwa kuuzia serikali huduma: kubeba mizigo, mawasiliano, magari, suti, labda umeme. Ni biashara halali kabisa. Ila mwekezaji anayeambiwa kuna «soko la Mwezi» aulize swali moja: ukiondoa mashirika ya anga ya serikali, nani mwingine amesaini kununua?

9. Na heliamu-3, gesi inayosifiwa kama mafuta ya nyuklia ya kesho?

Ipo, lakini ni haba mno. Katika udongo wa Mwezi hupatikana kwa sehemu chache hadi kama 20 katika kila bilioni. Chukua sehemu 10: kila tani ya udongo ina miligramu 10, kwa hiyo kilo moja inadai kuchimba na kupasha moto tani 100,000, hata kama hupotezi chochote njiani. Na kinu cha kuunganisha atomu kinachouza umeme wa heliamu-3 hakipo.

Soko lililopo leo ni dogo na ni la kweli: mashine za baridi kali za kompyuta za kwanta, na vigunduzi vya nyutroni. Mwaka 2025 Wizara ya Nishati ya Marekani ilikubali kununua lita 3 za heliamu-3 ya Mwezini kutoka kampuni ya Interlune. Lita 3 za gesi hiyo zina uzito chini ya nusu gramu.

10. Barafu kugeuzwa mafuta ya roketi: ni ndoto au hesabu?

Ni hesabu, yenye tarakimu moja inayokosekana. Kilo moja ya maji ikipasuliwa kwa umeme hutoa gramu 889 za oksijeni na 111 za haidrojeni, na inahitaji angalau kilowati-saa 4.4 kinadharia, kwa vitendo ni zaidi. Injini huchoma kwa uwiano wa karibu 6 kwa 1, wakati maji yanatoa 8 kwa 1, hivyo oksijeni hubaki ya kupumua. Kutoroka Mwezini kunataka kasi ya kilomita 2.4 kwa sekunde, dhidi ya 11.2 za Dunia. Kimsingi, kituo cha mafuta Mwezini kina mantiki.

Tarakimu inayokosekana ni hali halisi ya barafu hiyo. Ni mabonge, au ni punje zilizochanganyika na mchanga? Kwa asilimia 5.6, tani moja ya maji ni tani 18 za udongo, uliogandishwa na baridi inayofanya vilainishi kuwa mawe. Hakuna aliyewahi kuchimba humo. Kekee iliyobebwa na Athena, chombo cha pili cha Intuitive Machines, mwaka 2025 ilifika, lakini chombo kilikuwa kimelala. Gari la utafiti VIPER lilifutwa na NASA mwaka 2024, kisha mwaka uliofuata likapewa Blue Origin kulisafirisha. Mpaka kipimo cha namna hiyo kifanyike, jedwali lolote la faida ya «mafuta ya Mwezi» ni makisio juu ya makisio.

Oksijeni pekee ina njia nyingine: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa udongo wa kawaida wa Mwezi ni oksijeni iliyofungwa katika madini. Haihitaji kreta yenye giza, inahitaji joto kali, hadi nyuzi 1,600 kwa njia ya kuuyeyusha udongo na kupitisha umeme.

11. Mikataba ya kazi hizi hulipwaje?

Kuna aina mbili. Ya kwanza, serikali hurudisha gharama zote na kuongeza faida. Ndivyo SLS, roketi kubwa ya NASA ya kwenda Mwezini, ilivyojengwa, na mkaguzi wa NASA alikadiria mwaka 2022 kwamba kila rusho moja kati ya manne ya mwanzo, pamoja na Orion, chombo cha kubeba wanaanga, lingegharimu dola bilioni 4.1. Ya pili ni bei maalumu, inayolipwa hatua kwa hatua kazi inapokamilika. Vyombo vya kuwashusha watu vilikwenda kwa njia hii: SpaceX dola bilioni 2.89 mwaka 2021, Blue Origin bilioni 3.4 mwaka 2023. Ikizidi, kampuni inajazia mwenyewe. Hasara ya njia ya pili ni kwamba kampuni iliyokadiria vibaya huchelewa, hupunguza majaribio au hufilisika.

Mkataba wa ajabu kuliko yote ulikuwa wa 2020: NASA iliahidi kuzilipa kampuni nne jumla ya dola 25,001 kwa udongo kidogo utakaokusanywa Mwezini, moja kati yao kwa dola 1. Fedha hazikuwa shabaha. Kuuza na kununua ndiko kulikotafutwa, ili pawe na mfano wa kisheria. Tazama swali la 13.

## Sheria

12. Mwezi ni wa nani? Naweza kununua kiwanja?

Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 kinasema hakuna taifa linaloweza kuufanya Mwezi au gimba lolote la angani kuwa mali yake, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuukalia au kwa njia nyingine yoyote. Zaidi ya nchi 110 zimeuridhia, zikiwemo zote zenye roketi kubwa. Hati ya kiwanja huhitaji serikali nyuma yake, na serikali haiwezi kutoa isichoweza kumiliki. Hati zinazouzwa mtandaoni ni mapambo ya ukutani.

13. Nikichimba, nilichokitoa ni changu?

Hapa nchi zinagawanyika. Marekani kwa sheria ya 2015, Luxembourg 2017, Umoja wa Falme za Kiarabu 2019 na Japani 2021 zinasema ndiyo: ardhi si yako, ulichokitoa ni chako, mithili ya samaki wa bahari kuu. Wanaopinga hujibu kwamba jiwe halizaliani.

Upande wa pili upo Mkataba wa Mwezi wa 1979, unaozitaja rasilimali hizo kuwa urithi wa pamoja wa binadamu na kutaka utaratibu wa kimataifa wa kuzigawa. Uliridhiwa na nchi chache mno, hakuna yenye uwezo wa kupeleka watu angani kwa roketi zake, na Saudi Arabia ilijitoa rasmi Januari 2024. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu ina kikundi kazi kuhusu rasilimali chenye mpango unaofika 2027. Huamua kwa maafikiano, kwa hiyo tarajia kanuni za jumla, si mamlaka ya kutoa leseni kama ile ya sakafu ya bahari iliyoko Jamaica.

Tukiangalia vitendo badala ya maneno, umiliki wa kilichotolewa umekwisha kukubalika kwa kimya. Punje za udongo ulioletwa na chombo cha Kisovieti Luna 16 ziliuzwa mnadani mwaka 1993 kwa dola 442,500, na hakuna serikali iliyokwenda mahakamani.

14. «Maeneo ya usalama» si umiliki kwa mlango wa nyuma?

Ni swali zuri kuliko yote kwenye orodha hii. Tuanze na sababu ya kweli. Chombo kinapotua, moshi wa injini hurusha mchanga kwa kasi kubwa, na bila hewa ya kuupunguza mwendo huenda mbali. Apollo 12 ilitua umbali wa mita 160 hivi kutoka Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichotangulia, mwaka 1969. Vipande vilivyorudishwa vilionyesha kwamba rangi yake ilikuwa imekwanguliwa na mchanga huo. Kwa chombo chenye uzito mara kadhaa, paneli na lenzi za jirani zitaharibika. Mapendekezo ya NASA ya 2011 yalitaka kutua kusiwe karibu zaidi ya kilomita 2 na maeneo ya kihistoria ya Apollo.

Makubaliano ya Artemis ya 2020, yanayoongozwa na Marekani, yanaruhusu nchi kutangaza eneo ambamo shughuli zake zinaweza kudhuriana na za wengine, na kuomba taarifa mapema. Yanasema eneo liwe na ukubwa wa kiasi, la muda, na lisizuie wengine kuingia. Kifungu cha 12 cha mkataba wa 1967 nacho kinadai vituo vyote vifunguliwe kwa wawakilishi wa nchi nyingine, kwa taarifa ya mapema na kwa sharti la kutendeana vivyo hivyo.

Sasa weka duara la kilomita 2 juu ya ukingo wenye mwanga wenye upana wa mita mia kadhaa. Eneo zima limejaa. Hakuna aliyedai kulimiliki, lakini wa pili hana pa kutua bila kumharibia wa kwanza. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye mbio halisi: anayefika kwanza hapati ardhi, anapata mazoea, na mazoea katika sheria ya kimataifa hugeuka haki polepole. Kinachoweza kuponya ni vitu vya kawaida sana: uwanja mmoja wa kutulia uliosakafiwa na kutumiwa na wote, ramani ya pamoja ya njia za kutua, na viunganishi vya umeme vinavyofanana.

15. Kambi inaweza kuwa ya kijeshi?

Hapana. Kifungu cha 4 cha mkataba wa 1967 kinakataza Mwezini kambi za kijeshi, ngome, majaribio ya silaha na mazoezi ya kivita. Wanajeshi wanaruhusiwa kwa utafiti, na wanaanga wengi ni wanajeshi. Udhaifu uko pembeni: darubini inayofuatilia setilaiti na mnara wa mawasiliano hutumika kwa amani na kwa vita bila kubadilisha hata boliti.

16. Kampuni ikiharibu kambi ya nchi nyingine, nani hulipa?

Nchi yake. Kwa kifungu cha 6 cha mkataba wa 1967, serikali huwajibika kwa makampuni yake na lazima iyaidhinishe na kuyasimamia muda wote. Mkataba wa Fidia wa 1972 una viwango viwili: madhara ya juu ya uso wa Dunia hulipwa bila kuthibitisha kosa, madhara ya kule angani hulipwa likithibitishwa. Kosa Mwezini ni lipi, wakati hakuna kanuni za mwendo zilizokubaliwa? Ndiyo sababu serikali nyingi hudai bima kabla ya kutoa leseni. Dai pekee linalojulikana chini ya mkataba huo ni la Kosmos 954 katika swali la 6: Kanada ilidai dola zake milioni 6, ikapata 3 mwaka 1981.

## Siasa

17. Kambi ya Marekani na kambi ya China na Urusi zinatofautianaje?

Makubaliano ya Artemis ni tamko la kanuni, lililoanza na nchi 8 Oktoba 2020 na kupita 50. Kusaini si kupewa kazi wala kiti cha safari. Hivyo hupatikana kwa mikataba tofauti ya nchi mbili mbili. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Mwezi, kilichozinduliwa na China na Urusi mwaka 2021, ni mradi hasa: kituo cha msingi kufikia 2035, kikianza na mitambo isiyo na watu, huku China ikilenga kutua na watu kabla ya 2030.

Haziko kama kambi mbili za vita. Thailand na Senegal zimesaini pande zote mbili. Kinachozitenga zaidi ni sheria ya ndani ya Marekani: tangu 2011 kifungu kinachoitwa kwa jina la mbunge Wolf kinaizuia NASA kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini maalumu.

18. Nchi isiyo na roketi inapata nini?

Inapata inachokilipia, na sarafu ya biashara hii ni vifaa, si fedha taslimu. Kwenye ISS, rasilimali za upande usio wa Urusi ziligawanywa hivi: NASA asilimia 76.6, Japani 12.8, Ulaya 8.3, Kanada 2.3. Kanada ilipata asilimia zake kwa mkono wa roboti. Ikarudia hesabu hiyohiyo kwa kuahidi Canadarm3, mkono mwingine wa roboti, na kupata kiti cha Artemis II, safari ya watu ya kuzunguka Mwezi. Japani ilikubali mwaka 2024 kutoa gari lenye hewa ndani, kwa ahadi ya wanaanga wake wawili kufika juu ya Mwezi.

Somo la vitendo: chagua kifaa kimoja ambacho kambi haiwezi kufanya kazi bila hicho, kisha kimiliki kwa miaka 20. Kwa bajeti ndogo anza na kifaa cha kilo chache. China ilitenga kilo 200 kwa washirika kwenye Chang'e 8, chombo chake cha kwenda Mwezini. Kabla ya hapo uwe na sheria ya leseni, daftari la vyombo vya angani na mtu wa kudumu kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Nchi zinazotuma mjumbe mpya kila mwaka hazisikilizwi.

19. Miradi hii hufa vipi?

Kwa bajeti, mara chache kwa ajali. Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa mwaka 1970 roketi zikiwa tayari zimejengwa. Mpango wa Mwezi na Mirihi wa 1989 ulizimwa na makadirio ya dola bilioni 500 hivi. Constellation, mpango wa NASA wa kurudi Mwezini, ilifutwa 2010. Mwaka 1993 kituo kilichokuja kuwa ISS kiliponea bungeni kwa kura moja, 216 kwa 215. Baadaye mwaka huohuo Urusi ikaalikwa, na tangu hapo kukifuta kukawa kuvunja ahadi kwa mataifa mengine. Washirika huongeza vikao na ucheleweshaji, lakini ndio bima ya kisiasa ya bei nafuu kuliko zote.

## Kesi za pembeni

20. Haya yote yanahusu Mirihi pia?

Sheria ni zilezile. Hesabu ni nyingine. Dirisha la kuondoka hufunguka kila baada ya miezi 26, safari ni miezi 6 hadi 9, na ujumbe wa redio unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 upande mmoja. Mwezini kipuri kinaweza kufika ndani ya wiki kama roketi iko tayari; Mirihi unabeba vipuri vya miaka yote miwili hadi mitatu. Faida yake ni hewa ya kaboni dayoksaidi: kifaa cha majaribio cha NASA, MOXIE, kilitengeneza gramu 122 za oksijeni kwa awamu 16 kati ya 2021 na 2023. Kuwainua wanaanga wachache kutoka juu ya Mirihi kunakadiriwa kutaka tani 25 hivi za oksijeni.

Kuna na suala la vijidudu. Miongozo ya COSPAR, kamati ya kimataifa ya wanasayansi wa utafiti wa anga za juu, huyawekea masharti makali maeneo yanayoweza kuwa na uhai, na binadamu hawezi kusafishwa kama roboti. Nchi itakayotua kwanza na watu italazimika kujibu hoja hiyo mbele ya wanasayansi wake wenyewe.

21. Mtu akitenda kosa kambini, anashtakiwa wapi?

Kifungu cha 8 cha mkataba wa 1967: nchi iliyosajili chombo hubaki na mamlaka juu yake na watu wake. ISS iliongeza kwamba raia hushtakiwa kwanza na nchi yake. Kambi ya moduli za nchi tano itahitaji mkataba wa aina hiyo kabla ya mtu wa kwanza kuingia, si baada.

22. Kambi ikitelekezwa, naweza kuchukua vifaa vyake?

Huwezi. Umiliki hauishi kwa kuachwa. Hakuna Mwezini sheria ya uokoaji kama ya meli zilizozama. Mabaki ya Apollo bado ni ya Marekani, ya Luna ni ya Urusi. Ukihitaji betri ya jirani aliyefilisika, muandikie mwenye usajili.

23. Nani hugawa masafa ya redio?

Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, kama ilivyo kwa setilaiti. Upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani umelindwa kwa ajili ya darubini za redio, kwa kuwa kelele zetu hazifiki huko. Mawasiliano ya Mwezini yako kwenye ajenda ya mkutano wake wa redio wa 2027. Anayejenga kambi upande huo ajue kwamba setilaiti yake ya kupokeza mawimbi itabanwa na masharti ambayo hayamgusi aliye upande wa pili.